Nyumba ya Upande wa Kivuli

Karani wa kituo cha maziwa alikuwa mtu mwema, na siku ile alijichosha bure. Mpimaji mpya alikuwa amefika na mume na mtoto, na karani akatembea nao asubuhi nzima kuwatafutia pa kukaa. Aliwaonyesha kwanza vyumba viwili nyuma ya kituo chenyewe. Ukuta mmoja ulipakana na mashine ya kupozea maziwa, inayotema joto lake upande ule, kwa hiyo kutwa kucha ulikuwa na joto, na bomba la maji lilikuwa pale pale mlangoni. Kisha akawaonyesha nyumba ya kando ya barabara, karibu na zahanati, yenye madirisha makubwa na jirani mpole. Milimani kule, mtu akipewa moja kati ya hizo hushukuru na kufungua mizigo.

Mpimaji hakuzitazama hata dakika. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba iliyokaa peke yake chini ya jabali.

"Na ile je?"

"Ile? Aa, mama, ile iache," karani alisema. "Ile iko upande wa kivuli. Jua hulioni mpaka karibu saa sita, na saa tisa limeshaondoka. Sisi wenyeji hatujengi upande ule. Aliyeijenga alikuwa mgeni kama nyinyi, na hakukaa."

"Twende tukaione."

Wakavuka ubao wa kijito, wakapanda. Uani kwa nyumba ile bonde lilikuwa jembamba, hata ukitazama ng'ambo unaona kila kitu. Na kilichoonekana, kikubwa kuliko vyote, kilikuwa nyumba yenye bati la kijani, zizi safi, baraza, na juu ya baraza benchi. Juu ya benchi alikaa mwanamume aliyenenepa shingo, anachokonoa meno.

"Tunaichukua," mpimaji alisema.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mtaratibu, asiyependa kubishana mbele za watu. Alimbeba binti yao begani, yule waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza akiwa macho.

"Mama Chiriku, habari ya jua umeisikia?"

"Nimeisikia. Lakini hewa ya huku nzuri. Na hakuna kelele za mashine."

Hewa! Mtu mzima, akili timamu, anahama mji mzima kufuata hewa ya chini ya jabali. Fundi angekuwa mtu wa kushuku, angeshuku pale pale. Lakini alimpenda mkewe, na mtu anayependa huwa mvivu wa kushuku. Akaweka chini cherehani yake, akauliza ufagio uko wapi.

Ukweli ni kwamba yule wa kwenye benchi aliwahi kuwa mume wa mpimaji. Waliishi mjini wakati huo, na walikaa pamoja miaka bila mtoto. Asubuhi moja aliwaita kaka zake, akamwita na mjomba wa mkewe, akawapanga sebuleni kama watu wa mkutano, akasema: "Mimi ni mtu wa hesabu. Kinachokula bila kuzaa hakikai zizini mwangu." Zizi! Wakati huo hakuwa na hata kuku. Mjomba alitazama viatu vyake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akasema, "Tumesikia," akabeba begi la mpwa wake. Ndiyo kuachwa kwenyewe, hakuna aliyetetea.

Yeye hakulia. Alikwenda akasomea maziwa, akapata kazi, akaolewa na fundi, na kabla ya mwaka kwisha tumbo likawa mbele. Fundi alijua kwamba mkewe aliwahi kuolewa na kuachika. Nani alimwacha, na yuko wapi, hakuuliza, na yeye hakusema. Kisha siku moja dereva wa gari la maziwa, katika porojo zake, akamtaja mfugaji mmoja wa milimani anayejiita Bosi, aliyehamia kule na mke mdogo, na bado hawana mtoto. Akaeleza shingo yake, akaeleza majivuno yake. Mpimaji akajua. Wenzake hupigana vikumbo kukwepa kupangiwa milimani. Yeye alikwenda kuomba mwenyewe, hata mkubwa wake wa kazi akamuuliza kama yuko salama.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja tu: Bosi aone. Hakutaka kumwambia neno. Alitaka kila akikaa kwenye benchi lake aone nguo za mtoto aliyetoka kwenye tumbo alilolitukana.

Kwa hiyo siku ya pili alifunga kamba ya nguo. Nyuma ya jiko palikuwa na upepo mzuri na kipande cha jua. Hakufunga huko. Aliifunga mbele kabisa, ukingoni mwa ua, juu ya bonde, akaanika gauni jekundu, sweta la manjano, soksi ndogo mbili mbili, na vichupi vilivyopangwa mstari kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha akasimama nyuma ya pazia.

Bosi alitoka na kikombe chake. Akakaa. Akanywa. Akainua macho, akaona rangi. Akaweka kikombe chini, akasimama, akakinga jua kwa kiganja na kutazama kwa muda mrefu. Ndipo mpimaji akatoka nje, pole pole, mikono kiunoni, akajionyesha. Walitazamana juu ya kijito. Mpimaji ndiye aliyeingia ndani kwanza, kwa sababu alihisi atacheka kwa sauti.

Ah, roho yake ikawa kwatu! Siku ile alipika huku akiimba, na fundi akasema kweli hewa ya huku inakufaa.

Basi ikawa ndiyo kazi yake ya pili. Akifika kutoka kituoni huangalia kwanza kama kamba imejaa. Nguo chafu zikiisha alifua zilizo safi. Alimwomba mumewe amshonee mtoto magauni mapya, ya rangi za kuita, na fundi akashona, akifurahi kwamba mama anampenda binti yake hivyo.

Kituoni, maziwa ya Bosi hayakuletwa na Bosi. Yaliletwa na mkewe, mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye huwaamkia watu wote kwenye foleni na kusimama mwisho hata akiwa amewahi. Mpimaji alimpokea kwa uso mkavu. Wengine aliwapima kama kawaida: anafungua debe, ananusa, anazamisha kipimo kuona kama maji yameongezwa, anachanganya maziwa kidogo na spiriti kuona kama yatakatika. Ya Bosi aliyapima mara mbili, na roho ikimwambia, leo, leo nitapata kasoro, nimrudishie debe zima mbele za watu. Hakupata. Debe lilikuwa limesuguliwa likang'aa, kifuniko kimekauka, maziwa matamu.

"Yamepita," alisema kila mara, kwa shingo upande.

"Ahsante, dada," yule mke alijibu kila mara.

Kisha msimu ukageuka.

Wenyeji walijua, na ndiyo maana hawakujenga upande ule. Ukungu ulishuka kutoka kwenye jabali, ukaingia bondeni, ukakaa. Upande wa pili, kwenye barabara na kituo, ulipanda na kushuka, na mchana watu waliota jua. Upande wa kivuli ukungu haukuondoka. Ukisimama mlangoni hukioni choo. Kamba ya nguo ilitoka kwenye nguzo moja na kupotelea hewani kama imefungwa mbinguni, na ng'ambo hakukuwa na bati la kijani, wala benchi, wala mtu.

Mwanamke huyu alikuwa amechagua nyumba kwa ajili ya kuonekana, na sasa haonekani. Ungedhani angecheka, akahama. Thubutu! Aliendelea kuanika. Alijiambia kwamba ukungu ukipasuka hata nusu saa, Bosi asikute kamba tupu akadhani ameshinda. Nguo zikashinda siku mbili, siku tatu, zinaingizwa zikiwa na unyevu, zinakunjwa hivyo hivyo, na mtoto anavishwa hivyo hivyo.

Chiriku akaanza kukohoa. Kwanza kikohozi cha kucheza, kisha kikohozi cha kuamsha nyumba. Kifua kikawa kinalia kama mlango. Na jambo lililomtisha fundi kuliko kikohozi ni kwamba mtoto alipunguza maneno. Alikaa juu ya magunia ya vitambaa, akiangalia sindano ya cherehani ikipanda na kushuka, kimya.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi akamsikiliza kifua, akashika ukingo wa sweta lake, akalikamua kwa vidole viwili.

"Dawa nitampa," alisema. "Lakini mtoto huyu anataka joto na nguo kavu. Mnakaa wapi?"

Walipomwambia, aliongeza chupa ya pili ya dawa.

Njiani fundi alisema, "Karani ameniambia vile vyumba vya nyuma ya kituo bado viko wazi."

"Kuna kelele kule."

"Mashine yangu nayo ina kelele. Mtoto amelala nayo tangu kuzaliwa."

"Ukungu utaondoka, baba. Vumilia."

Fundi hakubishana. Alirudi akafungua kamba, akaifunga nyuma ya jiko, chini ya paa, moshi wa moto unapopita. Asubuhi aliikuta imerudi mbele. Akairudisha nyuma. Ikarudi mbele. Siku ya tatu akatoka uani akamkuta mkewe amesimama ukingoni, kanga imelowa mabegani, anaukodolea macho ukungu mtupu, na gauni jekundu linadondosha maji kando yake.

"Kuna nani kule?" aliuliza.

Mkewe angeweza kusema uongo mwingine. Alikuwa amechoka. Akamwambia yote: mume wa kwanza, sebule, zizi, mjomba na viatu vyake, dereva wa gari la maziwa, benchi. Alieleza haraka haraka, na alipofika mwisho alikuwa amewaka hasira, utadhani ameachwa jana.

Fundi alishika pindo la gauni. Alikuwa amelishona mwenyewe, lenye marinda ambayo yanataka subira.

"Kumbe nilikuwa nashona bendera," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mwanangu anakohoa ili yule bwana aone. Na haoni. Mama Chiriku, hata haoni!" Hakuwahi kumpandishia sauti tangu wajuane. "Jumapili mimi na mtoto tunahamia nyuma ya kituo. Wewe ukitaka kubaki na mume wako wa kwanza, baki naye."

Maneno yale yalimchoma. Lakini nitasema ukweli wake: hayakumgeuza. Usiku na mchana aliwaza jambo moja, kwamba akihama sasa Bosi atasema amekimbia. Mtu akishakula kisasi siku chache kikamkolea, kukiacha ni kama kuacha tumbaku.

Ijumaa, foleni ilipokwisha, mke wa Bosi alibaki. Alikuwa amejitanda mtandio hadi kwenye shavu. Aliweka debe chini, akatazama kushoto na kulia.

"Dada, nakuomba kitu. Nguo zako, anika nyuma ya nyumba."

Mpimaji akaona hatimaye mshale umefika. Akajitia hamnazo. "Nguo za mtoto zinamwudhi nani?"

"Hazimwudhi. Zinampendeza."

"Vipi?"

Yule mke akaeleza kwa sauti yake ya chini. Kabla ya ukungu, kila asubuhi mumewe alimkalisha kwenye benchi na kumwonyesha kamba. Tazama, alimwambia, yule nilikuwa naye mimi. Mimi ndiye niliyemnunulia dawa, dawa zikachelewa kufanya kazi, mwingine akaja kuvuna. Mtoto yule kwa haki ni wangu. Kwa hiyo kasoro haiko kwangu, kasoro ni wewe. Ukungu ulipokuja hakuacha. Alimkalisha pale pale, akamwambia, huoni lakini unajua zipo. Na siku akimjibu, mkono wake mwepesi. Mtandio ukateleza kidogo, na mpimaji akaona kwa nini ulikuwa pale.

"Jumapili amewaita kaka zake," yule mke alisema. "Na mjomba wangu ameitwa. Mimi ninajua ni nini. Nimeshafunga begi."

Mpimaji alibaki amesimama, mkono juu ya kipimo. Bendera zake zote, na yule mtu alizichukua akajivika yeye! Amejisifu kwa mtoto asiye wake, amempigia nazo mwanamke mwingine. Hasira iliyompanda siku ile ilikuwa kubwa kuliko ya sebuleni, kwa sababu aibu ya sebuleni hakuitengeneza yeye, na hii aliianika kwa mkono wake.

Jumapili fundi alifunga cherehani kwa kamba, akambeba mtoto, akavuka ubao bila kusema kwaheri. Mpimaji alimwacha aende. Alivaa buti zake za kazini, na ukungu uleule alioulaani ukamficha mpaka akafika chini ya baraza la bati la kijani.

Walikuwa wamepangwa vilevile. Kaka wawili kwenye viti, mjomba mmoja kwenye kigoda, anatazama viatu. Yule mke amekaa chini. Bosi yuko kwenye benchi, ameshaanza: "Ndugu zangu, mimi ni mtu wa hesabu."

"Hodi," mpimaji alisema.

Kaka mkubwa akageuka, macho yakamtoka. "Shemeji? Ni wewe?"

Bosi hakushtuka. Akatabasamu, akapiga paja. "Karibu, karibu! Afadhali umekuja. Ndugu zangu, huyu ndiye niliyewaambia. Dawa zangu hizo. Ana mtoto sasa, nguo zake mngeziona kama si ukungu."

"Dawa gani?" mpimaji aliuliza. "Itaje moja."

"Zilikuwa nyingi."

"Taja moja tu."

Bosi akawageukia kaka zake, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Nilikwenda hospitali peke yangu," mpimaji alisema, na sasa alikuwa anasema na kaka zake, si naye. "Nikaambiwa mimi sina tatizo, nije na mume. Akasema mwanamume hapimwi. Huyu mwenzangu hapa, muulizeni alikwenda na nani."

"Peke yangu," yule mke alisema kutoka chini. "Nikaambiwa nije na mume."

"Akasema nini?"

"Mwanamume hapimwi."

Kaka mdogo alikohoa. Mpimaji akapanda ngazi moja.

"Mimi kazi yangu ni kupima. Mkulima akija na maziwa ya ng'ombe wawili, yote mazuri kwenye chuchu na yote yamekatika debeni, simwambii auze ng'ombe. Nainama nanusa debe. Bwana, wewe hujawahi kunuswa. Miaka yote hii unauza ng'ombe."

Kisha kaka mkubwa, mzee mzima, mwenye mvi, akacheka. Hakukusudia. Alijaribu kukimeza kicheko kikamtoka puani, na mdogo wake akaangua, na hata mjomba akainua uso kutoka kwenye viatu. Bosi aliwatazama mmoja mmoja, shingo ile imejaa damu, akitafuta neno, na kila alipolitafuta wakacheka zaidi. Mpimaji alisimama akamtazama usoni mpaka alipoona macho yamemlengalenga. Alikuwa amekingoja kitu kile kwa miaka, na kilikuwa kitamu, kitamu kabisa, wala sitamsingizia kwamba alimwonea huruma.

Yule mke alikuwa ameingia ndani, ametoka na begi. "Mjomba, twende."

"Unakwenda wapi?" Bosi alifoka. "Sijakuacha bado!"

"Mimi nimeshakuacha."

Karibu na ubao wa kijito mpimaji aliwafikia. Alikuwa bado anatweta kwa furaha. Alimshika yule mwanamke mkono, akamwambia umeona, tumempa vidonge vyake, hatainua tena kichwa bonde hili. Akangoja kushukuriwa.

Yule mwanamke alitoa mkono wake taratibu.

"Dada, maneno yale ya hospitali uliyajua tangu siku ya kwanza?"

"Niliyajua."

"Ulikuwa unaniona kila asubuhi. Kila asubuhi nilikuletea maziwa." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Ulikuwa umbali wa kuvuka ubao huu. Ukaanika nguo."

Akavuta mtandio shavuni, akamfuata mjomba wake kwenye ukungu.

Mpimaji alipanda kwenye nyumba yake, akaikuta tupu. Mumewe alikuwa amekusanya nguo zote za mtoto isipokuwa zilizokuwa kwenye kamba. Akaziangua. Zilikuwa nzito kwa maji, na gauni jekundu lilikuwa limeanza kuota ukungu wa kijani kwenye marinda. Alizikumbatia hivyo hivyo, akashuka, akavuka, akapanda hadi kituoni. Upande ule jua lilikuwa bado linawaka.

Akagonga mlango wa vyumba vya nyuma. Cherehani iliyokuwa ikinguruma ndani ikanyamaza.

"Nani?"

"Mimi."

"Umekuja kukaa," sauti ya fundi ikauliza, "au umekuja kutusimulia yule bwana alivyofanya uso?"

Alikuwa na hadithi nzima kinywani, na alikuwa ameipanga njiani kuanzia hodi mpaka kicheko. Kutoka ndani, karibu na ukuta wa mashine, Chiriku alikohoa, kikohozi kirefu kilichomshinda kukimaliza, kisha akaanza upya.

"Nimekuja kukaa," alisema.

Mlango haukufunguka mara moja. Alisimama pale, nguo zikimlowesha kifua, akihesabu pumzi za mtoto.